Motokaa Iliyokuja Vipande Vipande

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mbegu za mtama, na wengine mmeniletea maswali. Nitayajibu siku nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo wa watoto. Najua wako wazee watakaogeuza ukurasa mara moja. Nawaomba wangoje kidogo, maana mimi mwenyewe nilidhani ni mchezo tu, nikaja kuona vingine.

Kila mtu aliyekulia kwetu Mara azijua motokaa za waya. (Watoto wa siku hizi husema "gari", mimi nimezoea kusema motokaa kama alivyosema babu yangu, mnivumilie.) Mtoto huokota waya uliobaki katika tairi lililoteketezwa, au huomba kipande cha waya wa uzio, akaukunja kwa mikono, na kwa meno mama asipoona, mpaka pakatokea bodi, bampa, na usukani mrefu wa kuendeshea huku amesimama. Magurudumu hukatwa katika kandambili kuukuu. Kijijini ambako waya ni haba hutumika mabua ya mtama, yakaunganishwa kwa vijiti. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza vizuri kwa kutumia mikono yake. Tukayaandika maneno hayo daftarini, kisha tukaenda kufundisha, tukawanyang'anya watoto nyaya zao wasichezee darasani. Nami nilinyang'anya.

Sasa sikilizeni habari ya kisanduku.

Kilifika Musoma mwezi wa Juni mwaka jana. Kijana mmoja wa Butiama, aliyekuwa masomoni Japani, alirudi kuwasalimu wazee wake, akapita ofisini kwangu kwa shughuli ya cheti. Mkononi alikuwa na kisanduku cha karatasi ngumu, kadiri ya kisanduku cha viatu lakini bapa zaidi. Akasema, "Bwana Karani, nilikinunua kwa ajili yangu, nikakosa nafasi. Wape watoto wako wa Jumamosi." Juu yake palikuwa na picha ya motokaa nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 ubavuni. Pembeni pameandikwa Datsun 240Z, Safari, 1971.

Basi nikafurahi, kwa sababu motokaa hiyo, ingawa imetoka Japani, jina lake limepatikana katika matope ya nchi zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu 1960 yakaitwa East African Safari. Kwa desturi yalifanywa siku za Pasaka, yaani wakati wa masika, mtu asipojua kama mbele ni barabara au ni mto. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, motokaa zilizofika mwisho zilikuwa saba tu. Mwaka 1965 walishinda ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha tumika na watu wengine. Kisha mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkaaji wa Kenya, pamoja na mwenzake Hans Schüller, wakashinda kwa Datsun 240Z. Ya pili nayo ilikuwa 240Z, dereva wake Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Miaka miwili baadaye Mehta akashinda mwenyewe kwa motokaa ya namna ile ile, lakini kwa tundu la sindano: alimaliza sawa kwa alama na Harry Källström wa Sweden, na kanuni ya kuwatenganisha walio sawa ndiyo iliyompa ushindi.

Motokaa yenyewe ni ya watu wawili tu, fupi, imelala chini. Ilianza kutengenezwa mwaka 1969. Ina injini ya silinda sita, lita 2.4. Haina mahali pa gunia wala pa mbuzi. Mkulima wa Bunda hawezi kuinunua hata akipewa kwa mkopo, na sioni kwa nini ainunue. Lakini iliyoshinda mwaka 1971 ingali imehifadhiwa huko Japani na kampuni iliyoitengeneza, kama sisi tunavyohifadhi mkuki wa babu.

Nilipokiona kisanduku, mtoto wa kwanza aliyenijia akilini hakuwa katika wale wa Jumamosi. Alikuwa mpwa wangu.

Dada yangu akaa Bunda. Ni fundi wa cherehani. Mume wake alikuwa dereva wa lori la pamba, mtu mrefu, mcheshi. Miaka mitatu iliyopita alipata ajali alfajiri, katika ukungu, akafariki pale pale barabarani. Mwana wao wa kiume alikuwa na miaka tisa. Mtoto huyo alikuwa na lori lake la waya ambalo mtaa mzima walilijua, mfano wa lori la baba yake, lenye mlango wa nyuma unaofunguka na kopo la nyanya chini ya boneti. Baada ya matanga lori lile halikuonekana tena. Mama yake aliliondoa. Mtoto hakuuliza. Tangu siku hiyo sikumwona ameshika waya, na shuleni mwalimu wake alisema hana matatizo, ni mtulivu. Neno hilo "mtulivu" halikunipendeza. Zamani alikuwa mtoto wa kuuliza. Sasa amekuwa mtoto wa kujibu tu.

Nikampigia dada yangu simu kumweleza habari ya kisanduku. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, motokaa imeninyima mume. Usiniletee nyingine nyumbani."

Nikakiweka kisanduku juu ya kabati la vitabu vya ubatizo, kikakaa huko miezi miwili. Nakiri kwenu kwamba niliwaza hila. Nilisema moyoni, mtoto atakuja kwangu Musoma likizo, tutaunganisha hapa, mama yake hatajua. Mke wangu akaniuliza swali moja: "Na akirudi kwao, mama yake akimwuliza alifanya nini likizo nzima, umemfundisha ajibu nini?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti nilipanda basi mpaka Bunda, nikakiweka kisanduku waziwazi juu ya meza ya kukatia nguo. Dada yangu akasimamisha cherehani. Akaitazama picha kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya hekima. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Aliuliza tu, "Huyu dereva, alifika?"

Nikasema, "Alifika. Tena alifika wa kwanza."

Akasema, "Basi mtafanyia hapa hapa mezani kwangu, niwaone."

Labda msomaji hujapata kuona vitu hivi, nikueleze. Ukifungua kisanduku huoni motokaa. Waona fremu bapa za plastiki, na vipande vimeshikana nazo kama maembe machanga na vikonyo vyake: mlango, kiti, usukani mdogo kuliko kifungo cha shati. Kila kipande kina namba. Kiwandani huyeyusha plastiki iitwayo polistireni, wakaisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapita katika mifereji na kujaza kila shimo, kisha ikapoa. Fremu ile ndiyo mifereji yenyewe iliyoganda. Vioo huja peke yake, vya plastiki angavu, na matairi ni ya mpira.

Kila kipimo kimepunguzwa mara 24. Motokaa halisi ina urefu wa mita 4 na sentimita 14. Hii yetu ni sentimita 17 na kitu kidogo. Mtu wa sentimita 168 angekuwa sentimita 7. Hesabu hiyo ya 24 yatoka katika vipimo vya Kiingereza: nusu inchi husimama badala ya futi moja. Mpwa wangu aliifahamu upesi kuliko watu wazima wengi niliopata kuwaeleza.

Mchezo wenyewe si wa jana. Mwaka 1936 Waingereza walikwisha anza kuuza ndege ndogo za plastiki za kuunganisha, chapa ya Frog Penguin. Mwaka 1949 kiwanda cha Airfix kilitoa trekta dogo la Ferguson, nalo halikukusudiwa watoto. Lilikuwa la mawakala wa kuuza matrekta, wapate kitu cha kuonyesha. Huko Japani kazi hii imekusanyika sana katika mkoa wa Shizuoka, ambako mafundi wa mbao walikuwa wengi tangu zamani. Walianza kwa kuchonga mifano ya mbao, ndege na meli, wengine kwa ajili ya shule, kisha katika miaka ya 1950 na 1960 wakahamia plastiki. Hasegawa, waliotengeneza kisanduku chetu, ni watu wa mkoa huo huo. Kwa hiyo msidhani walianza na mashine kubwa. Walianza na patasi, kama seremala wa Makoko.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kijapani, na Kiingereza kidogo. Mimi nilitafuta maneno. Mtoto alitazama michoro. Nilipokuwa ningali nageuza karatasi juu chini, yeye alikwisha kusanya vipande vya hatua ya kwanza na kuvipanga juu ya kitambaa.

Jambo la kwanza tuliloliosha fremu zote kwa maji na sabuni, maana hubaki na mafuta ya kalibu ambayo huzuia rangi isishike. Pili, vipande having'olewi kwa mkono, vitavunjika. Tulitumia kikata kucha. Ukate mbali kidogo na kipande, kisha usawazishe kwa wembe na msasa laini. Tatu, ujaribu kwanza bila gundi. Mara tatu nilitaka kupaka gundi, na mara tatu mpwa wangu alinishika mkono: "Mjomba, tujaribu kwanza."

Tulipofika kwenye chini ya motokaa, mtoto akaanza kupekua fremu. Nikamwuliza anatafuta nini.

"Injini."

Nikatazama karatasi. Hakuna. Namna hii ya kisanduku ina boneti iliyofungwa, na chini yake ni tupu. Nikamwambia ni pambo tu, halihitaji injini. Akaiweka motokaa mezani, akasema polepole, bila kumlaumu mtu, "Lori langu lina injini."

Hakusema lilikuwa na injini. Alisema lina. Cherehani ikanyamaza nyuma yangu, kisha ikaendelea.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Gundi haikuwamo kisandukuni, wala rangi. Gundi inayotakiwa ni ile inayoyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, zikaungana na kuwa kitu kimoja. Mimi sikuwa nayo. Nikanunua ile supa gluu ndogo wanayotumia mafundi viatu, nikaona yatosha. Viti vikashika, magurudumu yakashika. Jioni nikabandika kioo cha mbele na vioo vya pembeni, nikaifunga motokaa ndani ya kisanduku chake isiingie vumbi, tukalala.

Asubuhi nikafungua. Vioo vyote vilikuwa vyeupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Gundi ile hutoa mvuke inapokauka. Mvuke hushika juu ya plastiki angavu, nao ukikutana na unyevu wa hewa hugeuka kuwa utando mweupe. Ukifunga mahali pasipopita hewa, ndiyo vibaya zaidi. Nikasugua kwa kitambaa, haukutoka.

Mtoto akaitazama. Akasema, "Mjomba, dereva haoni mbele."

Dada yangu akainuka, akatoka nje. Hapo ndipo nilipokumbuka ukungu wa alfajiri ile. Nilirudi Musoma siku hiyo bila kunywa hata chai, nami sikutaka kuongea na mtu ndani ya basi. Nilikuwa nimekwenda kumpa mtoto kitu cha kumfurahisha, nami nimempa picha ya kifo cha baba yake, kwa sababu ya gundi ya bei rahisi na haraka zangu.

Juma zima sikupiga simu. Jumamosi nikaenda kwa nia ya kukichukua kisanduku na kuomba radhi.

Nikamkuta dada yangu ameinama mezani na mkasi wake mdogo. Mbele yake palikuwa na karatasi ya kaki iliyokatwa umbo la kioo cha mbele, kwa njia ile ile anayokata kiolezo cha kola. Alikuwa amekibandua kioo kibovu kwa ncha ya sindano, akakilaza juu ya karatasi na kuchora ukingo wake kwa penseli. Sasa alikuwa akikata kioo kipya katika plastiki angavu ya kisanduku cha shati jipya. Mtoto amesimama kando anashika taa ya simu. Hakuna aliyenisalimu vizuri. Dada yangu alisema tu, "Kaka, lete ile gundi nyeupe ya mbao. Yako ile usiiguse tena."

Alikuwa amepata sawa, ingawa hakuna aliyemfundisha. Gundi nyeupe ya mbao hukauka bila rangi wala haitii ukungu vioo. Haishiki sana, lakini kioo cha kitu kisichotembea hakihitaji kushikwa sana. Kioo alichokata kilikuwa chepesi kuliko cha kiwandani na upande mmoja kilizidi nusu milimita. Ukichungulia, ndani waona usukani wazi kabisa.

Kwa maungo yaliyobaki tulifuata shauri la yule kijana wa Butiama, niliyempigia simu. Uchukue dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ile yenye asetoni, utie vipande vidogo vya fremu iliyobaki. Baada ya saa kadhaa huwa uji mzito, nao huunganisha na kuziba nyufa. Jirani mwenye saluni alitupa kidogo katika kichupa. Ila wazazi sikilizeni: dawa hii hushika moto upesi, na harufu yake hulevya. Ifanyiwe nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko, tena mtu mzima awepo. Mtoto asiachiwe chupa peke yake hata dakika moja.

Rangi tulitumia ile nyekundu ya kupuliza, wanayopaka vijana wa bodaboda. Ukipuliza nyingi mara moja huichoma plastiki na kutiririka. Ukipuliza hafifu, ukangoja ikauke, ukarudia, hutoka vizuri. Mchana Bunda kuna upepo na vumbi jekundu, basi kila baada ya kupuliza mtoto aliifunika motokaa kwa beseni la kufulia, akaketi juu yake asije mtu akalichukua. Boneti nyeusi tuliipaka kwa brashi iliyotengenezwa kwa unywele wa mbuzi. Yaonekana kidogo kama boneti ya mbuzi, lakini nyeusi ni nyeusi.

Yalibaki maandishi. Huja juu ya karatasi maalum. Wakata namba unayoitaka, waichovya katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu dakika, nayo huteleza kutoka karatasini mpaka mahali pake. Ukiharakisha hukunjamana kama utando wa maziwa. Kazi hiyo nilimwachia mtoto. Alizishusha namba 11 kwa ncha ya sindano ya mama yake, akizuia pumzi.

Hivyo motokaa ikakamilika katika Jumamosi ya tatu. Sasa iko ofisini, juu ya kabati lile lile. Mtoto mwenyewe ndiye aliyetaka ikae huko wapate kuiona wale wa Jumamosi. Ukija Musoma kwa shughuli, omba uione. Ila usiishike kwa paa.

Sikuandika haya ili mtu auze mbuzi anunue kisanduku. Fedha ya namna hiyo yafaa kununua daftari na viatu. Tena, nikisema kweli, kisanduku kina upungufu wake: kila kipande kimekwisha fikiriwa na mtu mwingine, na kazi ya mtoto ni kutii namba. Afaidika kwa subira na kwa kusoma mchoro, nami naona hayo si kidogo. Lakini mtoto wa waya hana namba ya kutii. Hulitazama lori likipita barabarani, akaenda nyumbani na lori zima kichwani, akaamua mwenyewe waya uanzie wapi. Nikiwekewa mitihani hiyo miwili, najua ni upi nitakaoanguka.

Jumamosi ile ya tatu, rangi ikiwa inakauka chini ya beseni, dada yangu aliingia chumbani. Tukasikia kitanda kikisogezwa. Akatoka na kitu kikubwa kimefungwa katika khanga, akakiweka mezani, akarudi kuketi kwenye cherehani yake bila neno. Mimi nilidhani lilichomwa moto zamani. Mtoto nadhani alijua siku zote.

Akafungua khanga. Lori lilikuwa zima, isipokuwa gurudumu moja la nyuma limetoka na waya za ubavuni zimeingia kutu. Kopo la nyanya lilikuwa bado chini ya boneti. Akaligeuza, akalitazama kila upande kama fundi anayepokea kazi. Kisha akachukua utepe wa mama yake, akapima: sentimita 60. Akaniambia kwamba siku moja walipima lori la baba kwa utepe huo huo, yeye na baba yake, mbele ya nyumba. Lilikuwa mita 7 na sentimita 20. Akaandika kwa penseli pembeni ya karatasi ya kaki, akagawanya. Ikatoka 12 kamili, wala hakuwa amekusudia.

"Mjomba, hii ni moja ya kumi na mbili. Inchi moja kwa futi moja."

Nikasema ndiyo.

"Basi halina dereva. Baba alikuwa na urefu gani?"

Nilianza kukisia. Dada yangu akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari lake la vipimo vya wateja, lile kuukuu lenye jalada la bluu. Akafunua kurasa za nyuma. "Urefu mzima sijui," akasema, "lakini mabega ni inchi 18. Suruali, kiunoni mpaka chini, inchi 42."

Mtoto akagawanya tena. "Mabega inchi moja na nusu. Suruali inchi tatu na nusu."

Akaanza kunyoosha waya. Dada yangu akainama chini ya meza, kwenye kapu la masalio, akaanza kutafuta kipande cha kaki.